Kiharusi si jini: Mgonjwa afikishwe hospitali kwanza

Mtu angetarajia kwamba wakazi wa Dar es Salaam, waliozungukwa na hospitali kubwa, ndio wangekuwa wepesi kumkimbiza mgonjwa wa kiharusi kwa daktari, na kwamba wanavijiji wa Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ndio wangeanzia kwa mganga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kinyume chake. Watu wa Hai walipoulizwa maradhi haya yanatoka wapi, wengi walitaja shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo mengi, na chaguo lao la kwanza lilikuwa hospitali. Dar es Salaam yalitajwa zaidi majini na uchawi, na kwa sababu hiyo wagonjwa wengi walianzia kwa waganga wa jadi.

Utafiti mwingine, uliohesabu wagonjwa wapya katika sehemu hizo hizo mbili kati ya mwaka 2003 na 2006, unaongeza uzito wa jambo hili. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai walipatikana wagonjwa 109 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam walikuwa 316. Kwa maneno mengine, mji wenye kiharusi karibu mara tatu zaidi ndio unaoikwepa hospitali.

Naandika haya nikiwa katibu wa kamati ya msikiti, na sehemu ya kazi yangu ni kupokea vikaratasi vya maombi ya dua kabla ya khutba ya Ijumaa. Huandikwa: mzee wetu amepooza upande mmoja, tunaomba aombewe. Nikiuliza ilianza lini, jibu huwa Jumatatu au Jumanne. Nikiuliza amelazwa wapi, mara nyingi naambiwa yuko nyumbani, anasomewa. Makala hii inahusu siku zile tatu au nne zilizopita kati ya tukio na kikaratasi, na hasa saa 4 na nusu za mwanzo.

Kwanza niondoe shaka. Sikatai kuwepo kwa majini; ipo sura nzima katika Qur'ani yenye jina lao. Wala sikatai kisomo, kwani dua kwa mgonjwa ni sunna. Ninachokataa ni kuifanya dua kuwa sababu ya kumchelewesha mtu ambaye mshipa wake umeziba. Kisomo hakihitaji chumba maalumu. Husomeka ndani ya bajaji mgonjwa akiwa njiani. Na wanazuoni wetu wa tiba hawakuchanganya mambo haya. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaeleza maradhi ya sakta katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb pamoja na maradhi mengine ya kichwa, akakitafuta chanzo chake katika kuziba kwa njia zilizomo ndani ya ubongo. Elimu yake ya vimiminika vinne vya mwili imepitwa na wakati, lakini alikuwa akitazama mahali panapostahili.

Kinachotokea ndani ya mshipa

Ubongo wa mtu mzima una uzito usiofika kilo moja na nusu, kiasi cha asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote inayovutwa. Nao hauna ghala la kuiwekea akiba. Kila kinachohitajika huletwa na damu kupitia ateri kubwa nne zinazopanda shingoni: mbili kwa mbele na mbili zinazoambatana na uti wa mgongo. Tawi moja likiziba, eneo linalohudumiwa na tawi hilo huanza kufa. Mwaka 2006 daktari wa Marekani, Jeffrey Saver, alipiga hesabu akaona kwamba mshipa mkubwa ukiziba, chembe za neva zipatazo milioni 1.9 hupotea kila dakika. Anayesubiri kupambazuke ili aende hospitali na ajue anachokisubiri.

Kiharusi ni cha aina mbili. Katika aina ya kwanza, ambayo ndiyo iliyo nyingi zaidi, donge la damu huziba ateri. Katika aina ya pili mshipa hupasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo. Kwa nje zinafanana sana: mdomo uliopinda, mkono ulioanguka, ulimi mzito. Hakuna mganga, shekhe wala hata daktari bingwa anayeweza kuzitenganisha kwa uhakika kwa kumtazama mgonjwa, na matibabu ya moja yaweza kuua mwenye nyingine. Hili tutalirudia.

Damu kuganda ni neema. Mtu akijikata kisu jikoni, chembe sahani zilizomo ndani ya damu hukimbilia kwenye jeraha na kushikana, kisha nyuzi za protini iitwayo faibrini huzifunga kama wavu, na damu ikakatika. Shida huja wavu huo unapotandwa ndani ya mshipa usiovuja. Mwanazuoni wa Kijerumani wa karne ya 19, Rudolf Virchow, ndiye anayetajwa mpaka leo katika vyuo vya udaktari kwa kueleza chanzo cha jambo hili: ama ukuta wa mshipa umeharibika, ama damu imetuama mahali inapopaswa kwenda, ama damu yenyewe imebadilika.

Ukuta wa mshipa huharibiwa polepole, kwa miaka, na mharibifu mkubwa ni shinikizo la damu ambalo halijadhibitiwa. Kisukari, sigara na lehemu iliyozidi hufanya kazi hiyo hiyo. Hapa jikoni kwetu hapana budi kutajwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, na humo imo chumvi ya mchuzi, ya mkate, ya kachumbari, na ile inayonyunyizwa juu ya chipsi kabla hata ya kuonja. Ukuta uliochakaa huota utando wa mafuta. Siku moja utando hupasuka, damu hudhani kuna jeraha, na donge hufungwa hapo hapo.

Damu hutuama zaidi moyoni. Wapo watu, wengi wao wa umri mkubwa, ambao chumba cha juu cha moyo hutetemeka bila mpangilio badala ya kusukuma. Damu ikizunguka humo kama maji ya dimbwi, huganda, na kipande kikichomoka hupanda moja kwa moja kichwani. Mwenye mapigo ya namna hii huwa katika hatari ya kiharusi mara tano hivi kuliko mwenzake. Kwetu wapo pia vijana ambao valvu za moyo zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyotokana na maambukizi ya koo ya utotoni yaliyoachwa bila dawa. Mama akimwona mwanawe wa shule ana koo linalouma pamoja na homa, asitosheke na maji ya chumvi tu.

Sababu ya tatu ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayozipiga familia changa. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu anaweza kupata kiharusi akiwa bado darasa la pili, kwa sababu chembe zake zilizopinda hukwaruza na kuziba mishipa. Dawa ya haidroksiyurea, inywewayo kila siku chini ya uangalizi wa kliniki, hupunguza hatari hiyo. Kisha kuna hali iliyoelezwa kwa kina mwaka 1983 na daktari Graham Hughes wa London, inayojulikana kama ugonjwa wa antifosfolipidi. Kinga ya mwili hujigeukia na kuifanya damu iwe nyepesi kuganda. Mara nyingi mwenye nao ni mwanamke kijana: mimba zimetoka mara mbili au tatu, miguu imewahi kuvimba kwa damu iliyoganda, kisha siku moja, hata kabla ya miaka arobaini, mkono mmoja unakufa ganzi. Mwanamke kama huyu ndiye anayezungushwa zaidi kwa waganga, na pengine kuachwa na mume kwa kuambiwa ana jini mahaba. Kipimo cha damu kinaweza kuonesha alichonacho, na ipo tiba ya kumwezesha wengi wao kubeba mimba hadi mwisho.

Dalili, na kile kisichofaa kufanywa

Mwambie atabasamu, utazame kama mdomo umepinda. Mwambie ainue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka wenyewe. Mwambie asome Alhamdu. Mzee aliyeisoma Fatiha kwa miaka sitini, akashindwa leo kuipitisha ulimini, huyo ni mgonjwa wa dharura. Giza la ghafla katika jicho moja, kizunguzungu cha ghafla kinachomfanya mtu ashindwe kutembea, au kichwa kinachouma kwa kishindo kuliko kilivyowahi kuuma, navyo ni katika dalili hizo.

Dalili zikiondoka baada ya dakika kumi, watu humshukuru Mwenyezi Mungu na kwenda kulala. Kushukuru ni wajibu. Kulala si salama. Utafiti uliofanyika California na kuchapishwa mwaka 2000 uliwafuatilia watu 1,700 hivi waliopata kiharusi cha kupita namna hiyo. Mmoja katika kila kumi alipata kiharusi kamili ndani ya siku 90, na nusu ya hao walikipata ndani ya siku mbili za kwanza.

Mgonjwa alazwe ubavu, asipewe chochote kinywani. Namaanisha chochote: si maji ya Zamzam, si asali, si mafuta ya habasoda. Koo lililopooza hupeleka kinywaji mapafuni. Tunamtakia baraka, baraka hizo zisubiri mpaka hospitali wapime kama anaweza kumeza. Wala asipewe kidonge cha presha cha jirani, kwa kuwa kuishusha presha kwa ghafla huweza kuinyima damu ile sehemu ya ubongo inayopigania uhai. Asipewe aspirini nyumbani, kwa sababu hujui kama mshipa umeziba au umepasuka. Asikandwe, asichanjwe. Andikeni saa ambayo mara ya mwisho alionekana mzima, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza la daktari. Na kama aliamka na hali hiyo, saa inayohesabiwa ni ile aliyokwenda kulala. Bebeni dawa zake zote ndani ya mfuko, hata zile anazozificha.

Na muulize leo, kabla ya msiba, ni hospitali gani iliyo karibu nanyi yenye mashine ya CT-Scan inayofanya kazi usiku. Kumpeleka mgonjwa zahanati, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ndiko kunakokula muda.

Matibabu

Mashine hiyo ilitumika kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1971, London, na kabla yake madaktari walikuwa wakikisia tu. Ndani ya dakika chache picha huonesha kama ubongoni mna damu iliyomwagika. Kama haimo, na muda haujapita, mgonjwa anaweza kufaa kupewa dawa ya kuyeyusha donge, iitwayo alteplesi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 ulionesha kwamba waliopewa dawa hiyo ndani ya saa 3 walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa asilimia 30 angalau, ya kupona bila ulemavu au wakiwa na ulemavu mdogo sana baada ya miezi mitatu. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukausogeza muda hadi saa 4 na nusu. Dawa hii ina hatari yake, kwani wachache hupata damu ubongoni kwa sababu yake. Ndiyo maana haipewi kila mtu. Kwetu ni ghali na haipatikani kila hospitali. Tangu mwaka 2015 imethibitika pia kwamba donge lililo katika ateri kubwa linaweza kuvutwa kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye paja, lakini huduma hiyo ipo katika vituo vichache mno.

Msomaji anaweza kusema: kama dawa yenyewe haipatikani, haraka ni ya nini? Haraka bado ina faida. Picha ikishaonesha kuwa hakuna damu, hata aspirini, dawa ya bei ndogo kuliko soda, ikianza ndani ya siku mbili za mwanzo hupunguza uwezekano wa kiharusi cha pili. Sukari na homa hudhibitiwa, mapafu hulindwa, na moyo huchunguzwa kujua donge lilitoka wapi. Mgonjwa anayeuguzwa katika wodi inayojua kazi hii ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko aliyeachwa kitandani nyumbani, hata bila ya dawa ya kuyeyusha.

Limenifikia zaidi ya mara moja swali la heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda. Hupewa baadhi ya wagonjwa wasioweza kunyanyuka ili miguu isigande damu, na wajawazito wenye ugonjwa wa antifosfolipidi pamoja na aspirini. Ni kweli, kwa sehemu kubwa hutengenezwa kutokana na utando wa matumbo ya nguruwe, na Muislamu ana haki ya kuuliza. Jambo hili halikuachwa bila jibu. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 17 kilichofanyika Makka Desemba 2003, lilijadili aina mpya ya heparini na kuruhusu kutibiwa kwayo pale isipopatikana ya halali yenye kutosheleza, kwa sharti la kutozidisha kiasi kinachohitajika, na kwamba ikipatikana iliyo tohara kwa yakini basi hiyo ndiyo ishikwe. Muulize daktari kama ipo mbadala. Akisema haipo, mjamzito asiikatae sindano kwa wasiwasi ambao wanazuoni wameshauondoa.

Wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au valvu za bandia, hupewa wafarini. Dawa hii iliuzwa kwanza kama sumu ya panya, mwaka 1948, kabla ya kutumika kwa binadamu katika miaka ya 1950, na kwa hiyo kipimo chake hakichezewi. Damu hupimwa mara kwa mara. Mboga za majani zenye vitamini K kwa wingi, kama mchicha, kisamvu na matembele, huipinga. Si kwamba ziachwe. Ziliwe kwa kiasi kile kile kila wiki ili dozi ipangwe juu yake. Anayekula mchicha kila siku akaacha ghafla anaweza kuvuja damu. Na ndugu zangu wanaofanya hijama nawaomba waulize kabla ya kuchanja: je, unatumia dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi? Hijama ina nafasi yake, ila si juu ya mwili wa mwenye wafarini bila idhini ya daktari wake.

Akirejea nyumbani, mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na mazoezi ya viungo yaanze mapema, kwani maendeleo makubwa huonekana miezi ya mwanzo. Aliyepoteza maneno hajapoteza akili. Asizungumziwe mbele yake kana kwamba hayupo. Swala haimwondokei madhali ana fahamu: ataswali kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu, na asiyeweza maji atatayamamu. Mzigo wa haya yote kwa kawaida humwangukia mtu mmoja, mke au binti au mkwe, huku wanaume wa nyumba wakija kuuliza hali baada ya Isha na kuondoka. Huyo naye apangiwe zamu za kupumzika.

Limebaki suala la presha, ambalo ndilo mama wa yote. Inayofika 140 kwa 90 mara kwa mara inahitaji kushughulikiwa, na haitoi taarifa: haiumi, haiwashi. Wengi hunywa dawa kichwa kikiuma na kuacha kikipoa, au huacha wakiona kipimo kimeshuka, ilhali kimeshuka kwa sababu ya dawa. Ramadhani huwa na kishawishi chake. Dozi nyingi za mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa futari au daku, lakini mpangilio huo unapaswa kufanywa na daktari mwezi wa Shaabani, si kubuniwa na mgonjwa mwenyewe siku ya mwezi mosi. Asiyeweza kufunga kwa maradhi ana ruhusa katika aya za 184 na 185 za Suratul Baqara, wala hahitaji kuiombea radhi kwa jirani.

Katika msikiti wetu mashine ya kupimia presha huwekwa barazani kila Ijumaa baada ya swala, na upande wa kinamama hupimwa na dada muuguzi. Haichukui dakika tano. Anayepima akae kwanza atulie, asiwe ametoka kunywa kahawa, na namba zake aziandike kwenye daftari aje nalo wiki inayofuata.